Miaka Thelathini na Mmoja ya Kupindua Baiskeli

Ijumaa hii, saa tisa alasiri, karakana yetu ya baiskeli za mitumba itamuaga mkaguzi wake mkuu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi tunamwita Bwana Hebu, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza mbele ya kila kitu: baiskeli, risiti, hata salamu.

Alianza kama fundi wa spoki, akapanda hadi meza ya ukaguzi, na hapo hakuna aliyemng'oa. Muuzaji akileta baiskeli ya mashindano na kuapa kuwa ni ya zamani, Bwana Hebu hamsikilizi wala haitazami nembo. Nembo, anasema, hubandikwa na yeyote mwenye gundi. Anaipindua magurudumu juu, anasoma namba iliyogongwa chini ya fremu penye pedali, anatoa kikaratasi mfukoni mwa shati, anakitupia jicho, anakirudisha. Ndipo anaendelea na nati, gia na breki. Wote tuliamini kikaratasi kile ni orodha ya baiskeli za wizi. Wauzaji nao waliamini, na wengine walikumbuka ghafla kwamba wameacha jiko likiwaka.

Shaka zake hazikubagua mtu. Keki ya meneja hakuigusa mpaka meneja mwenyewe alipomeza. Kufuli la kabati lake amelibadilisha mara nne, na mara zote nne alikuwa akimtazama karani wa mapokezi.

Mwezi uliopita alimpelekea meneja taarifa ya kurasa tatu. Karani wa mapokezi, aliandika, anaficha baiskeli ya wizi stoo. Stoo yenyewe hakuingia, maana kufuli lilikuwa jipya. Ushahidi wote aliuokota kwenye pipa la taka. Kulikuwa na nati ya ekseli ya nyuma yenye mhuri wa mwaka sabini na nne. Kulikuwa na kikombe kilicholika cha mhimili wa pedali, ambacho uzi wake wa skrubu na kipenyo chake ni vya Kiitaliano. Kulikuwa na maganda ya rangi, buluu juu, nyekundu chini. Akahitimisha kwamba ni baiskeli ya mashindano, ya Italia, ya mwaka sabini na nne au tano, iliyopakwa rangi upya ili isitambulike. Akaomba karani afukuzwe.

Karani huyo ndiye anayeandika haya. Niliumia, sitaficha. Miaka kumi na tisa tumekaa meza kwa meza. Lakini taarifa ilikuwa sahihi mstari kwa mstari, isipokuwa pale palipoandikwa wizi.

Mwaka jana nilimuuliza shemeji, mkewe, habari za kile kikaratasi. Akasema: "Ni namba moja tu, ya baiskeli ya marehemu kaka yake. Mjomba wao aliiuza, akamwambia imeibwa. Hakumwamini. Akaomba kazi hapo kwenu, ili kila baiskeli ipite mikononi mwake."

Shemeji alininakilia namba ile. Kwa miezi saba nilimhoji kila muuzaji aliyesimama mapokezi, nikawa mkaidi na mwenye maswali mengi kuliko hata yeye, mpaka mmoja akanipeleka nyumbani kwake. Baiskeli yenye namba ile ilikuwa chini ya ngazi, ya buluu, imebebeshwa ndoo. Meneja aliniruhusu kuiweka stoo, na fundi rangi akaikwangua hadi kwenye wekundu wake wa kwanza. Taarifa ya kunishtaki ilipofika, meneja aliisoma, akaifungia kwenye droo, akaniambia nitupe taka mbali zaidi.

Bwana Hebu, tunakushukuru. Hakuna aliyewahi kununua kwetu baiskeli yenye umri wa uongo, na hiyo ni kazi ya mikono yako. Mimi binafsi nimekusamehe, ingawa najua hata msamaha huu utauchunguza. Tunakutakia mapumziko yenye afya na barabara tambarare.

Nyuma ya kiti chako, chini ya turubai, kuna kitu chako. Nembo hatukubandika, maana usingeiamini. Wala usituamini sisi. Toa kikaratasi, ipindue, usome mwenyewe.