Miaka Kumi na Tisa ya Bartholomayo Lwakatare Mbele ya Mizani

Nyinyi mnaonong'ona nyuma ya mashine ya kuchapa, nyamazeni. Nawasikia. Mnasema mzee akishaondoka gazeti litapumua, kwamba ile nafasi ya bei ya kahawa atapewa mnunuzi mkubwa aitumie apendavyo, na kurasa zitarudi kuwa nne. Mzee bado yumo humu ndani, koti lake bado liko msumarini, na nyinyi mmeshaanza kuiuza kazi yake. Hamna haya. Kaeni chini msome mtu huyu alivyotumika, halafu tuone nani atafungua mdomo.

Bwana Bartholomayo Lwakatare anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 1939, baada ya miaka kumi na tisa ya kulitumikia gazeti letu la Mwanga wa Ziwa hapa Bukoba. Nimeambiwa nimwandikie maneno haya ya kuagana mimi, Mwamvita, kwa sababu nakunja magazeti hapa tangu toleo la kwanza, na wenzetu wa siku zile wamekufa au wamehamia Mwanza.

Alikuja kwa ugomvi. Tulikuwa tumeandika kwamba mvua nzuri imenyesha Muleba. Yeye akatoka hukohuko Muleba kwa miguu, siku mbili njiani, akaingia ofisini kwa Bwana Zahoro, mwenye gazeti, akamwonyesha vumbi lililomfika magotini.

"Hiyo mvua mmeinyesha nyinyi?"

Bwana Zahoro alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia, "Basi kaa hapa, andika wewe." Akakaa.

Alianza kwa kupanga herufi za risasi, akawa mwandishi wa habari za mashamba, na mwaka 1925 akawa mhariri. Akipanga herufi alikuwa akiimba nyimbo za kanisa lao la Kilutheri, nami nakunja huku namjibu kwa kaswida, mpaka Bwana Zahoro akatoka kutuuliza kama hapa ni kazini au harusini. Sauti hana. Nimemvumilia.

Sasa msidhani namsifu kwa kuwa hakukosea. Mwaka 1927 baharia mmoja alimwambia bei ya kahawa imepanda sana bandarini Kemondo, naye akaichapa bila kwenda kuuliza. Watu wa Muleba wakaizuia kahawa yao majumbani wakingoja bei hiyo. Haikuwako. Unyevu wa mvua ukaikuta kahawa humo ndani, ikaota ukungu. Bartholomayo aliomba ruhusa ya siku tisa akaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nyumba moja, mama mwenyeji alimletea akamwani, zile punje za kahawa tunazompa mgeni atafune, akaziweka mbele yake.

"Kahawa yetu umetuharibia. Kaa basi, tafuna hii iliyobaki."

Alikaa, akatafuna. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alipanda baiskeli hadi Kemondo, akasimama mbele ya mizani ghalani, asikie bei ya frasila kwa masikio yake, ndipo Jumamosi gazeti litoke. Mvua, homa, msiba, alikwenda. Mara moja tu alichelewa, baiskeli ilipomtupa mtoni pamoja na suruali yake ya Jumapili.

Nakuja kwenye mwaka 1934, ambao nyinyi wanong'onaji hamkuwapo. Mnunuzi mmoja mkubwa wa kahawa, simtaji jina kwa kuwa wajukuu wake wananunua vitumbua kwangu, ndiye aliyekuwa akilipia tangazo la ukurasa mzima wa nyuma. Watu wake walikuwa wakizunguka Muleba wakinunua butura, yaani kahawa ya mkulima ikiwa bado iko mtini, kwa bei ya mtu mwenye njaa. Bei ya Kemondo ilipopanda, akaomba jambo dogo tu: isiandikwe kwa majuma matatu, mpaka watu wake wamalize mzunguko.

Bwana Zahoro alimwita mhariri. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia wote.

"Bartholomayo, huyu ndiye anayetulisha."

"Wa Muleba ndio wanaotusoma, Bwana."

"Wanasoma watu kumi nakala moja! Hizo tisa anazinunua nani? Wewe?"

Bartholomayo akatoka. Ilikuwa Ijumaa, akachukua baiskeli. Jumamosi bei ikatoka ukurasa wa kwanza. Wapo wakulima waliokuwa wamekwisha kuuza, lakini wengi walingoja, wakauza kwa bei ya haki. Mkipita Muleba mtaona nyumba zilizoezekwa mabati mwaka ule.

Sisi tuliezekwa na njaa. Tangazo likaondolewa, kurasa zikawa mbili, mishahara ikakatwa nusu. Bwana Zahoro msimlaumu, aliuza kiwanja chake tusifunge mlango. Mimi nilimfokea Bartholomayo mbele za watu: "Wewe una migomba Muleba, mimi nina nini? Nitakunja upepo nile?" Jumamosi iliyofuata mkewe, Kokubanza, alifika Hamugembe, mtaa tunaokaa wafanyakazi, na mikungu ya ndizi, akaweka mmoja mlangoni pa kila mfanyakazi. Na Jumamosi nyingine vilevile, mpaka mwaka ukaisha. Mkungu niliupokea, radhi sikuomba. Leo naomba, na imeandikwa, kila mtu aisome.

Sitawadanganya kwamba tulitajirika baadaye. Gazeti la mtaa wa pili, lile la habari za waliofumaniwa, linauzwa mara tatu ya letu, na mimi mwenyewe hulisoma. Waandishi wake wana mabati. Bartholomayo nyumba yake ni ya nyasi hata leo. Lakini mkulima wa Rubya akitaka kujua bei, hamtumi mtu kwa jirani zetu. Anatuma kwetu.

Asante, Bartholomayo. Asante, Kokubanza, kwa kila mkungu. Nendeni mkapumzike Muleba, mlale mchana kama watu wazima, na Mungu awape miaka mingi isiyo na haraka. Ukiimba, imba polepole, majirani hawajakuzoea.

Nawe Mutalemwa, uliyeachiwa kiti cha mhariri. Yule mnunuzi ameandika tena Jumatano, anataka arudishe tangazo kwa sharti lilelile. Bwana Zahoro hajamjibu, anatazama wewe utasimama wapi. Kwa hiyo chai ya kuagana ikiisha usikae kupiga soga. Panda baiskeli, nenda Kemondo, simama mbele ya mizani mpaka usikie, kisha urudi uipange bei hiyo ukurasa wa kwanza, juu, kwa herufi kubwa. Mimi nipo hapa, sikunji kitu mpaka uilete. Haya, nenda.