Mama Nyoosha na Rasiberi za Uzioni

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, tunaomba mkae, na wa nyuma kule sogeeni, maisha ya mpendwa wetu tunayasoma kama dada yake mkubwa alivyoyasimulia, naye kasema lisirukwe neno, hata la ugomvi, maana mtu akishafariki tunamsafisha mpaka hatambuliki, na huyu wetu angekataa.

Marehemu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mama Nyoosha, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake seremala, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, na kabla hajajua kutembea vizuri alishajua kuokota maranda na kuyarundika pembeni, uchafu alikuwa hawezi kuuona akanyamaza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957, akamaliza la saba mwaka 1963, hesabu hazikumpenda wala yeye hakuzipenda, ila mwandiko wake ulikuwa umelala kama shuka la mgeni, na siku moja alirudishwa nyumbani kwa kosa la kupanga upya kabati la mwalimu mkuu bila kutumwa.

Tarehe 1 Julai 1968 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi, chumba kile cha mvuke ambacho unaingia umechana nywele unatoka umefanana na kuku aliyenyeshewa, akanyoosha mashuka humo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2004, na jina la Mama Nyoosha alilipata humo humo, kwanza kwa kunyoosha mashuka, baadaye kwa kunyoosha watu.

Tarehe 15 Septemba 1973 aliolewa na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza pasi kubwa, pasi ikapona siku ya kwanza lakini fundi akaendelea kuja mwezi mzima, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti mwaka 1975, mvulana mwaka 1978 na kitindamimba mwaka 1982. Nyumba yao ilipakana na ya wifi yake, dada mkubwa wa fundi umeme, mshona magodoro, mama wa kicheko, ambaye bustani yake ilikuwa msitu, ufagio ukipotea humo unatafutwa wiki nzima, na katikati yao palikuwa na uzio wa waya tu, wakipitishiana chai, chumvi na umbea.

Oktoba 1985 daktari mmoja aliyekuwa anahama alimwachia marehemu miche sita ya rasiberi, imefungwa kwenye gazeti lililolowa, akamwambia hii inazaa vitunda vyekundu, laini, vyenye tundu ndani kama kofia ya mwanasesere, akaondoka, akasahau kumwambia mengine. Marehemu akaipanda kwa kamba, mstari umenyooka, kando ya uzio, ikatoa fimbo ndefu zenye miiba na majani mengi, miezi ya baridi ilipofika majani yakapukutika, fimbo zikawa za kahawia kama zimekufa, yeye akaona takataka, akachukua mkasi, akakata zote mpaka chini, akafagia. Mwaka uliofuata fimbo mpya, majani, baridi, mkasi, na uliofuata hivyo hivyo, bustani inang'aa kama sebule, tunda hata la kuonja hakuna.

Sasa mizizi ya rasiberi haina habari na uzio, ikapita chini kwa chini mpaka kwa wifi, ambaye hakukata kitu, si kwa utaalamu, kwa uvivu, mwenyewe yuko hapa na hakatai, na mwaka 1988 ule msitu ukawa mwekundu.

"Wifi, njoo uone, miche yako inazaa huku!"

"Hiyo ni mali yangu imetoroka."

"Imetoroka mateso, wifi, na aliyetoroka mateso harudishwi!"

Utani huo ulikuwa mtamu mwanzoni, kisha ukachacha, na tarehe 9 Februari 1991, tulipokutana kwa baba mkwe wake kupanga ukarabati wa paa, marehemu akasimama mbele ya wakwe zake wote akasema wifi anaimwagia miche yake maji ya chumvi ili ya kwake tu ndiyo izae. Wifi akamwangalia, akasema, "Mimi? Mimi hata maji ya kuoshea vyombo naona uvivu kuyamwaga, nitaamka nizunguke na ndoo ya chumvi?" Watu wakaangua kicheko, na hicho kicheko ndicho kilichoharibu, kesho yake Mama Nyoosha akachimba mtaro, akasimamisha mabati kando ya uzio mzima, na salamu zikakatika.

Fundi umeme akageuzwa redio, "Mwambie dada yako mabati yangu hayaegemewi," anakwenda, anarudi, "Anasema hajaegemea, amepumzika," na sisi tuliokuwa tunaingia nyumba zote mbili tulimwona marehemu saa kumi jioni na kikombe chake cha chai, ameelekeza kiti kwenye bati, hana wa kumpitishia umbea, alimkosa wifi yake kuliko alivyokosa matunda, lakini neno lililosemwa mbele ya wakwe angelirudishaje?

Juni 1997 aliteleza kwenye maji ya sabuni kazini, akavunjika mkono wa kulia, ukafungwa plasta, baridi ikaja na kupita mkasi uko ukutani, na watoto walipotaka kumsaidia aliwafukuza, "Mtakata kombokombo, acheni nipone." Basi zile fimbo kavu zikabaki zimesimama, na Januari 1998 zikazaa mpaka zikainama. Alisimama mbele ya fimbo hizo na bakuli, akaelewa, fimbo ya mwaka wa kwanza inaota tu, ya mwaka wa pili ndiyo inayozaa, miaka yote hiyo alikuwa akijikatia matunda yake kwa mkono wake. Mume wake alitaka kucheka, akaingia ndani kwanza.

Akachuma yale yanayoachia yenyewe ukiyagusa, maana linalong'ang'ania halijaiva, akasema kesho nitampelekea wifi, na maneno yangu nitayasema, lakini rasiberi haingoji kesho, asubuhi bakuli lilikuwa limeota ukungu. Akachuma tena, akasema jioni, jioni kichwa kikamuuma ghafla, zikawa uji. Mara ya tatu, tarehe 24 Januari, alitoka bustanini moja kwa moja, majani kichwani, akazunguka mabati yake mwenyewe, akabisha hodi.

"Nani?"

"Mwenye makosa."

"Wako wengi, wewe ni yupi?"

"Wifi yako."

"Wifi yangu mimi hajawahi kukosea hata siku moja. Potelea mbali, tapeli!"

"Hakukuwa na chumvi, wifi. Ulikuwa mkasi wangu. Na mdomo wangu. Nisamehe."

Mlango ukafunguliwa, wifi akachukua rasiberi moja, akaitafuna kwa makini kama hakimu, akasema, "Chachu," kisha akamaliza bakuli zima, wakalia, wakacheka, mpaka fundi umeme akaja mbio akidhani wanapigana, na wiki hiyo hiyo mabati yakang'olewa yakatumika kuezekea banda la kuku la wifi. Tangu hapo kila msimu, umande ukikauka, walichuma pamoja kwenye sinia pana, rasiberi zisipondane, marehemu akikata fimbo zilizokwisha kuzaa tu, wifi akimsimamia, "Hiyo acha! Nimesema acha!"

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka, wifi akahamia chumbani kwake na godoro alilolishona mwenyewe, wakagombania dirisha, mto na redio, mpaka tarehe 11 Machi 2024, saa nane mchana, Mama Nyoosha alipofumba macho, akimwacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliolala nasi, na wenzake wa chumba cha kufulia, hata wastaafu mmefika. Mtaona wifi hakukaa na ndugu wa mume, jana tulipopanga viti alisema yeye hakuja kumsindikiza mdogo wake fundi umeme, amefiwa mwenyewe, akaenda kuketi kati ya dada wa marehemu, nao wakasogea kumpa nafasi, na hapo ndipo alipo.

Nenda salama, mama yetu, na upumzike kwa amani.