Mwalimu Thawin Inthachak, Mkazi wa Nyumba Namba Tisa

Ofisi ya Usajili ya Manispaa ya Wiang Sop Huai, kwa hati yake ya tarehe 10 Februari 2566, imethibitisha kwamba Mwalimu Thawin Inthachak, mwenye umri wa miaka themanini na minane, alikuwa mkazi halali wa nyumba namba 9, Kichochoro cha Wafinyanzi, na kwamba hakuwa na uhusiano wowote na wakazi wengine wa nyumba hiyo. Hati ina mihuri mitatu na saini mbili. Sisi jamaa zake tumeisoma kwa heshima inayostahili na kuiambatisha na kijitabu hiki cha msiba. Yafuatayo ni nyongeza tu.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti, mwaka 2477 wa kalenda yetu ya Kibudha, yaani 1934 kwa kalenda ya Kizungu, katika kijiji cha Ban Huai Miang, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Inta na Bi Kaeo. Baba yake alikata miti ya msaji. Mama yake alichuma majani ya chai mwitu, akayachemsha kwa mvuke, akayavundika kwenye matenga hadi yakawa machachu. Watoto wa kijiji kile walijua kuyatafuna kwa chumvi kabla ya kujua kusoma, na marehemu aliamini hadi uzeeni kwamba hakuna watu wengine duniani wanaoyala.

Alisoma kwa watawa wa hekalu la kijijini, kisha shule ya mkoa, alikopanga kwa shangazi aliyempa chumba kimoja na mbuzi wawili. Mwaka 2496 alijiunga na chuo cha ualimu Chiang Mai, akahitimu mwaka 2498. Cheti chake kinasema alikuwa na mwandiko mzuri na msimamo. Vyote viwili vilimletea matatizo baadaye, kama itakavyoonekana.

Alifundisha historia katika shule ya sekondari ya hapa mjini kwa miaka thelathini na minane, kuanzia 2499 hadi alipostaafu mwaka 2537. Waliopita mikononi mwake, na wengi wenu mpo hapa, mnalikumbuka somo la kuanguka kwa mji mkuu wa zamani wa ufalme wetu, ambalo lilihitaji chaki nyekundu peke yake. Aliwafundisha wanafunzi elfu nne, kwa makadirio yake mwenyewe, kwamba Waburma waliuteketeza mji huo mwaka 2310, jambo ambalo ni kweli. Na kwamba hawajabadilika tangu siku hiyo, jambo ambalo hakuwa amelichunguza, kwa kuwa hakuwahi kuzungumza na hata mmoja.

Tarehe 12 Januari 2503 alimwoa Bi Chanthip, mwalimu wa ushonaji. Walijaaliwa binti mmoja, Wilaiwan. Bi Chanthip alikuwa na mchuzi wake wa hang le: nyama ya nguruwe yenye mafuta, tangawizi nyingi, ukwaju, vitunguu saumu vya kuchachushwa, na karanga juu. Hakuna harusi wala sherehe ya hekalu katika mtaa huu ambayo haikuuona mchuzi huo. Siku ya harusi yake mwenyewe alivua maua kichwani akaenda jikoni kuupika, kwa kutomwamini mpishi. Marehemu aliusifu kwa wageni wote kama chakula cha asili cha kaskazini yetu, kisichojulikana kwingine. Bi Chanthip alifariki tarehe 3 Novemba 2551.

Baada ya hapo marehemu alipika mayai. Wilaiwan, ambaye ni muuguzi Bangkok, alipiga simu kila Jumapili kumuuliza amekula nini, na alijibiwa, "Chakula." Alipokuja mwaka mpya alimkuta amepungua kilo tisa, na suruali ameifunga kwa kamba ya katani. Aliomba ahamie kwake Bangkok. Marehemu alisema hawezi kumwachia mtu nyumba. Nyumba ilikuwa namba 7.

Mei 2552 sehemu ya mbele ya namba 9, nyumba ya jirani, ilikodishwa na Daw Ohn Myaing, mwanamke wa Kiburma ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ohn, na mumewe, Htun Lin. Waliweka meza tano za kukunja, viti vya plastiki vyekundu, na masufuria saba mbele ya mlango yenye vifuniko ambavyo mteja hujifunulia mwenyewe. Mgahawa haukuwa na jina na hauna hadi leo. Asubuhi walikula hapo mafundi wa kiwanda cha bakuli, supu ya samaki na tambi. Mchana yeyote aliyesikia njaa.

Tarehe 22 Juni marehemu aliiandikia manispaa. Barua, kwa ule mwandiko mzuri, inazungumzia "harufu nzito ya nyama ya nguruwe, tangawizi na ukwaju, ya kigeni kabisa, ambayo huingia dirishani saa tano kila asubuhi na kumzuia mkazi kuendelea na shughuli zake." Wilaiwan aliwahi kumuuliza shughuli gani. Alisema za asubuhi.

Kanuni inataka mlalamikaji awepo wakati wa ukaguzi, aionyeshe harufu. Hivyo tarehe 8 Julai, saa tano kamili, marehemu aliingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya Mburma, amevaa shati la ualimu, akifuatana na afisa wa afya mwenye ubao na kalamu. Alinyoosha kidole kwenye sufuria ya tatu. Mama Ohn alifunua kifuniko.

"Kama amekuja kuishtaki, aionje kwanza," alisema. "Mahakamani hata mwizi anaulizwa jina."

Htun Lin, aliyekuwa anaosha vyombo, alisema ni kupoteza nyama. Afisa alisema yeye yuko kazini, haruhusiwi kuonja. Mama Ohn akapakua bakuli moja.

Waliokuwepo wanasema marehemu alikula kijiko cha kwanza amesimama na cha pili ameketi. Bakuli lilipokaribia kwisha, aliuliza:

"Karanga ziko wapi?"

"Karanga za nini?" Mama Ohn alimuuliza.

"Za humu. Humu huwa mna karanga."

"Humu hamna karanga, Mwalimu. Nani anayeweka karanga humu?"

"Mke wangu."

"Basi nani alimfundisha?"

Mama Ohn, ambaye si mtu wa maneno mengi akiona mzee anajipangusa macho kwa mkono wa shati, alimwongezea wali. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mchuzi huo aliupata kwa mama yake, na mama yake kwa bibi, huko Moulmein, Burma, na kwamba hakujua kuwa na watu wa huku wanaula. Marehemu alisema yeye pia hakujua.

Afisa wa afya aliandika kwamba mlalamikaji alitokwa machozi kwa wingi mara tu alipokaribishwa kwenye sufuria husika, na akaliweka jambo hilo kama ushahidi wa madhara. Siku sita baadaye notisi ilibandikwa kwenye mlango wa namba 9: jiko lifungwe ndani ya siku thelathini. Mama Ohn na mumewe walikuwa wameweka kila walichokuwa nacho katika yale masufuria saba, na kibali chao cha kukaa nchini kilitegemea kazi hiyo. Jiko likifungwa, nao wangevuka mpaka kurudi.

Marehemu alikwenda manispaa asubuhi iliyofuata kuiondoa barua yake. Karani aliyempokea alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka 2519, na alimkalisha kwa heshima zote.

"Fomu ina nafasi ya kulalamika tu, Mwalimu. Ya kuacha kulalamika haina."

"Machozi yale hayakuwa ya moshi."

"Yameshaandikwa."

"Sasa lalamiko linakwishaje?"

"Mlalamikaji akifa. Au akihama."

Marehemu alisema la kwanza halipo kwenye mipango yake ya mwezi huo. Aliomba nakala ya kanuni, akaenda nayo namba 9. Kwa wiki mbili aliisoma kwenye meza ya pili kutoka mlangoni, kwa kalamu nyekundu, mbele ya bakuli la mchana. Ni katika wiki hizo alipowekewa kisahani cha majani ya chai yaliyovundikwa, yamechanganywa na ufuta, kabichi na maharage ya kukaanga, kama yanavyoliwa Burma nzima. Inasemekana alikitazama kile kisahani muda mrefu kuliko alivyoitazama kanuni.

Katika kifungu cha kumi na saba alikuta kwamba jirani ni mtu anayeishi ndani ya hatua arobaini, katika nyumba nyingine. Aliyesajiliwa nyumba moja na jiko si jirani, na asiye jirani hana lalamiko. Ilikuwa lazima jina lake litoke kwenye daftari la wakazi wa namba 7 liingie kwenye daftari la namba 9.

Mwenye nyumba, Mzee Kham Pan, alisema ataandika jina la yeyote ambaye wapangaji wake wamemkubali. Mama Ohn alikubali akiwa anakata vitunguu. Htun Lin hakukubali.

"Mwezi uliopita alitaka tuondoke," alisema. "Mwezi huu anataka kuishi na sisi. Mwezi ujao atataka kitanda changu."

"Kitanda sikitaki," marehemu alisema. "Nataka mstari mmoja kwenye daftari."

"Na ukishaupata, ukaandika barua nyingine?"

"Nitakuwa mkazi wa humu. Nitakuwa ninajishtaki mwenyewe."

Htun Lin alifikiri. Alisema hilo angependa kuliona, na akaufuta mkono, akapeana mkono na marehemu.

Ilibaki kazi ya daftari la namba 7. Humo marehemu alikuwa mkuu wa nyumba tangu 2503, na chini ya jina lake palikuwa na jina la Bi Chanthip na muhuri mwekundu wa waliofariki. Kuhama maana yake ni kukubali muhuri wa bluu kwenye mstari wako na kuacha ukurasa. Karani anakumbuka kwamba Mwalimu hakuuliza chochote kuhusu haki zake. Aliomba muhuri ugongwe kuelekea pembeni, usije ukagusa mstari wa chini. Tarehe 5 Agosti 2552, siku nane kabla ya jiko kufungwa, lalamiko lilifutwa kwa kukosa jirani.

Marehemu aliendelea kulala namba 7. Kula, alikula namba 9, kwa miaka kumi na tatu. Kilo tisa zilirudi na kuleta wenzao wawili. Suala la karanga halikutatuliwa: alikuja nazo mfukoni, akazinyunyiza mwenyewe, na Mama Ohn aliwaambia wateja wapya wasimtazame. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alimuuliza hapo mezani, kwa utani, kama Waburma wamebadilika. Marehemu alisema bado analichunguza.

Htun Lin hakumsemesha kwa mwaka mmoja na miezi minne baada ya kupeana mkono. Bakuli alimwekea kila siku, ila aliliweka kwa kishindo. Siku moja ya mwaka 2553 aliliweka polepole.

Mwaka 2563 figo za marehemu zilianza kushindwa. Daktari alipiga marufuku chumvi, samaki wa kuchachushwa, na karibu kila kitu kilichokuwa kwenye masufuria saba. Mama Ohn aliongeza la nane, dogo, lisilo na chumvi. Marehemu alimwandikia lalamiko la ukurasa mmoja kuhusu ladha yake, nalo Mama Ohn alilibandika ukutani juu ya jiko, linapoonekana hadi leo. Kuanzia Oktoba mwaka jana hakuweza kutembea. Chakula kilipitishwa dirishani, lile lile la harufu, na Htun Lin ndiye aliyemwogesha asubuhi na kumlisha mchana. Wilaiwan, aliyechukua likizo kumuuguza, alisikia mazungumzo yao siku marehemu alipokataa kula.

"Fungua mdomo, Mwalimu. Hata mji wako mkuu wa zamani haukuchukua muda hivi kufunguka."

Marehemu alicheka hadi ikabidi kijiko kiwekwe chini. Kisha alifungua.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2566, saa nne asubuhi, baada ya vijiko vitatu vya supu. Aliacha maagizo mawili. Kwanza, msibani asipikiwe mtu mayai. Pili, kijitabu hiki kichapishwe pamoja na pishi la mchuzi ule. Mtalikuta ukurasa wa kumi na mbili kwa mkono wa Bi Chanthip, na ukurasa wa kumi na tatu kama lilivyosemwa na Mama Ohn, ambaye alisoma ukurasa wa kumi na mbili na kusema tangawizi iko sawa.

Ameacha binti, Wilaiwan, mkwe, Somkiat, mjukuu wa kike, Phimlada, dada mmoja, Bi Noi, na wapwa kumi na mmoja, akiwemo anayewasomea haya. Njia yake iwe nyepesi, na huko aendako akute jiko linawaka.

Hii ni nyongeza ya leo, haimo kwenye kijitabu. Kwa desturi yetu, anayenyolewa na kuvaa vazi la njano la utawa asubuhi ya kuchomwa, ili amtangulie marehemu kwenye moto, ni mwana au mjukuu wake wa kiume. Marehemu hakuwa nao, na sisi wapwa tulikuwa bado tunaangaliana. Tulipofika hekaluni leo alfajiri tulimkuta Htun Lin ameshanyolewa. Alikuwa amenyoa na nyusi pia, ambazo watawa wetu hunyoa na wa kwao hawanyoi.