Lupango Nyeupe ya Nkambo Nicolas

Pale Kikula, mjini Likasi, mahali njia ya vumbi inapojitenga na ile ya soko na kuanza kushuka kuelekea Kamatanda, kuna kibanda cha kutengeneza simu ambacho mwenyewe alihama akaacha bati tu. Chini ya bati hilo kuna benchi la mbao, mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Kila asubuhi Tina analeta termosi mbili za kahawa, mikate, na sukari katika kopo la maziwa, na kabla hajamaliza kufuta vikombe benchi limeshajaa. Wanakuja watatu hao hao. Papa Bertin, wanayemwita Ministre kwa sababu anahutubia juu ya kila kitu na hafanyi hata kimoja. Dodo, mchimbaji wa mawe ya shaba, ambaye hapa kijiweni jina lake ni Shimo. Na Éphraïm, mwimbaji wa kanisa la uamsho, wanayemwita Pasta ingawa hakuna aliyewahi kumwekea mikono. Pembeni yao anaketi Nkambo Nicolas, babu yake Tina, na kofia yake ngumu ya kazi kichwani, kofia ya kiwanda kilichomstaafisha kabla Tina hajazaliwa.

Jumatano hiyo Tina hakungoja wamalize kusalimiana.

— Bapapa, minye iko na neno, alisema. Mama anataka jibu leo mangaribi, akitoka sokoni. Tunamuita fundi Osée, ao tunafunga lupango shiye benyewe, na mikono yetu?

Lupango ni ua wa nyumba, na ni uzio wake pia, na kwa Tina neno hilo lilikuwa limebeba mwaka mzima wa maisha yake. Nkambo alikuwa amesahau mengi, lakini hakusahau kazi. Kila siku, saa yoyote, alisikia ndani ya kichwa chake sirène, king'ora cha kiwanda, akavaa kofia, akatoka. Pande tatu za ua zilifungwa na kuta za majirani. Upande wa nyuma ulikuwa wazi, na ndipo watu wote walipopitia, na ndipo njia iliposhuka mpaka kwenye mashimo ya wachimbaji. Mama Angèle, mama yake Tina, anauza unga sokoni kutwa nzima. Ilibidi mtu abaki na mzee. Tina akaacha masomo.

Halafu, wiki mbili zilizopita, mjomba Godefroid, dereva wa lori, alipita na zawadi. Kampuni moja upande wa Kakanda ilikuwa inavunja kambi yake na kutupa uzio wa plastiki nyeupe ngumu, ile ile inayotengeneza mabomba ya maji. Akaupakia wote, nguzo na mbao zake za plastiki, akaushusha uani, akasema kila nguzo iingie ardhini mpaka magoti, akaenda zake. Mama Angèle alilia kwa furaha. Akasema lupango ikisimama kabla ya lundi, yaani Jumatatu, Tina atarudi masomoni, kwenye darasa la kisha midi, la mchana. Lakini fundi akilipwa, viatu na uniforme vitangoja mwaka mwingine.

— Fundi, alisema Ministre bila kufikiri. Ile haina kazi ya kucheza. Plastique iko na sheria yake.

— Sheria gani? aliuliza Shimo. Ni kutoboa udongo na kuweka poto. Udongo tunaujua.

— Weye njo unaujua sana. Ulitoboa ngapi ile siku ya posho?

— Moja.

— Waambie urefu yake.

Shimo alinywa kahawa polepole. Siku ya posho, yaani Jumamosi, yeye mwenyewe alikuwa amejitolea kuanza kazi, bure, kwa heshima ya Mama Angèle, na Tina alimshukuru mpaka akakosa maneno. Alimwonyesha magotini, kina cha kila poto, yaani nguzo. Shimo alipiga chepeo mara chache akafika magotini. Halafu akaona jiwe dogo la kijani, lile lenye shaba. Tina alikwenda kupika bukari, ugali wa mchana, na aliporudi hakumwona mtu, ila udongo uliokuwa ukiruka kutoka chini.

— Ilikuwa malachite, alisema Shimo. Mutu wa Likasi anaona malachite, anaacha?

— Poto iliingia yote, alisema Ministre akiwageukia wengine kana kwamba hawakuwepo siku ile. Tulisimamisha poto, ikapotea. Tulibakia kuona kofia yake tu, ile ya juu, ndogo. Mwanamuke anaomba lupango juu ya baba yake asianguke mu bishimo, na ule kijana anamuchimbia shimo ku mulango ya nyumba.

— Ile mushipa inatoka Kamatanda, Papa Bertin. Minye niliona rangi yake. Inapita chini ya lupango, inapita chini ya kanisa ya Pasta, inakuya kulala chini ya kitanda ya Nkambo. Mutoto huyu analala juu ya utajiri.

— Kanisa yetu uiache, alisema Pasta.

— Minasema tu kwenye inapita.

Tina alimimina kahawa. Shimo lile alikuwa amelifunika kwa kipande cha bati na matofali, na kila alipoamka usiku alisikiliza kama bati halijalia. Lakini hakuweza kumkasirikia Dodo. Mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, Dodo ndiye aliyemkuta Nkambo pembeni ya shimo la kweli, akamshika mkono, akamwambia leo ekipe, yaani zamu, imebadilishwa, mzee anaingia kesho. Nkambo alikubali kwa sababu mambo ya ekipe yaliheshimiwa. Wakarudi wawili, wamelowa kama samaki.

Pasta aliweka kikombe chini. Alikuwa anangoja zamu yake.

— Minye sikatai fundi na sikatai shiye. Minauliza ile plastique yenyewe. Ni nyororo, ao haina nyororo?

— Ni nyororo, alijibu Tina.

— Basi mulozi hawezi kuipanda, anateleza. Ile ni muzuri. Lakini kama kuko mulozi ndani tayari? Atatokea wapi? Tutakuwa tumemufungia pamoja na mutoto.

— Ndani kuko Mama Angèle, Tina na mzee, alisema Ministre. Njo nani mulozi?

— Sisemi mutu. Kuko mbuzi pia.

— Ule mbuzi, weye unakulaka bukari kila siku mbele yake, sasa amekuwa mulozi?

Nkambo Nicolas aliinua kichwa.

— Sirène ilishalia?

— Bado, tata, alijibu Ministre, sauti yake ikishuka na kuwa nyingine kabisa. Iko bado. Kunywa kwanza.

Nkambo akanywa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Papa Bertin ya kumzuia mzee asiondoke. Pasta alikuwa na yake: alimwimbia mzee wimbo wa misa ya zamani, yeye mtu wa uamsho, na kuimba huku anatembea kuelekea nyumbani, naye Nkambo alimfuata akiitikia. Wote watatu walikuwa wamemrudisha, na hakuna aliyewahi kuja kumhesabia Tina. Alikuwa akiliwaza hilo mara nyingi anapoosha vikombe.

— Mimi nitawaambia hatari ya kweli, alisema Ministre, sasa amesimama. Nyeupe. Mu Kikula yote, lupango ni tofali, ao bati, ao majani. Weye unaweka nyeupe inayong'aa. Serikali itapita, itasema: hapa kuko kampuni. Watatuma mutu wa kupima. Kisha watu wa mine, wa mugodi, watasikia, watasema: kama kuko lupango ya mine, kuko mine. Kabla ya Noeli helikopta itashuka mu lupango ya Mama Angèle.

— Na itakuta malachite, alisema Shimo, ameridhika.

— Njo pale minasema fundi. Fundi atapaka rangi ya udongo.

— Plastique haishikake rangi, alisema Shimo.

— Fundi wa kweli anaishikisha.

— Osée? Ukuta ya jirani yangu njo aliijenga Osée. Ilianguka bila upepo. Aliulizwa, akasema ilikuwa ya kujaribu.

Nkambo alisimama, akaonyesha upande wa nyumba, na Tina akaelewa kwamba anataka kwenda msalani. Akamwangalia mpaka alipopita kona ya kibanda na kuingia uani. Kutoka kijiweni ua hauonekani, kibanda kinaukinga.

— Papa Bertin, alisema Tina, minaomba muniambie kweli. Kama ni shiye benyewe, Ya Dodo, kaka yangu huyu, atatoboa magoti tu?

Shimo alitazama mikono yake.

— Minaweza kuahidi, alisema. Lakini nikiona kijani, sijijui.

— Huyu ni mukweli, alisema Pasta.

— Basi asishike chepeo, alisema Ministre. Abebe maji.

— Minye? Nibebe maji? Mutu ya puits, ya mashimo ya mita makumi?

— Ubebe na mawe, uyarudishe kwenye uliyatoa.

Wakaanza upya. Ministre alisema kazi bila mkubwa haiendi, na mkubwa ni yeye. Pasta akauliza mkubwa anafanya nini. Ministre akasema anaangalia kama nguzo zimenyooka. Shimo akasema jicho moja la Ministre linaangalia sokoni, lupango itafika sokoni. Tina alicheka mpaka akamwaga sukari. Kwa kitambo kidogo alisahau lundi, akasahau jibu la mangaribi, akawa tu msichana anayecheka na watu wake.

— Huyu mzee ni wa hapa?

Wote waligeuka. Alikuwa mwanamke kijana, ndoo ya maji kichwani, mkono wake mmoja umemshika Nkambo Nicolas. Tina alimtambua: Mado, mpangaji mpya wa nyumba ya chini, aliyehamia juma lililopita. Nkambo alikuwa na vumbi hadi magotini, na kofia yake ngumu sawasawa kichwani.

— Nimemukuta ku robinet ya maji, chini kabisa, alisema Mado. Ameniuliza kama kamio, lori ya wafanyakazi, ilishapita. Nikamuambia tuipandie huku juu.

Walikuwa watu wazima watatu na Tina, wamekaa wakibishana juu ya uzio wa mzee, na mzee alikuwa amepita nyuma ya migongo yao. Alimchukua Nkambo, akamkalisha, akampangusa magoti kwa kitambaa cha vikombe.

— Aksanti, mama, alimwambia Mado. Aksanti sana. Kaa, kunywa kahawa.

Alipogeuza termosi ya kwanza haikutoka kitu. Ya pili ilitoa nusu kikombe. Akampa Mado nusu hiyo, na wale watatu waliitazama ikienda bila kulalamika.

— Niliona zile plastique nyeupe mu lupango, alisema Mado. Ni za kumufungia?

— Njo ile, alisema Ministre, akajikohoza. Tuko mu mkutano. Fundi, ao shiye.

— Ni muzuri. Mimi pia ninapitaka pale nikienda ku robinet. Mado alipuliza kahawa. Mulango itakuwa wapi?

Ministre alianza kuhesabu pande za lupango kwa vidole. Tina aliupitisha ule mzigo wa mjomba Godefroid katika kichwa chake, kipande kwa kipande, nguzo, mbao, kofia za nguzo. Mlango haukuwemo. Wiki mbili walikuwa wameuzungumzia uzio huo kwa upepo, kwa jua, kwa ulozi na kwa helikopta, na wote kila asubuhi walipita palepale kuja kunywa kahawa. Wakiufunga wote, mwenye nyumba hatatoka. Wakiacha pengo, Nkambo atalipata kabla ya mbuzi.

Nkambo mwenyewe aliona aibu kwa ajili yao.

— Sirène ilishalia?

— Bado, tata, walijibu watatu kwa pamoja. Na kwa kuwa hakuwa na kahawa tena, Ministre alijisogeza kidogo kwenye benchi, akaupiga ubao kwa kiganja. Kaa hapa kwanza, karibu na minye.

Tina alimwona babu yake akihama, akaketi, akatulia. Aliliangalia benchi, urefu wake, na ule mguu wa waya.

— Papa Bertin, alisema polepole, hii benchi, mungekuwa munakaliaka kule juu ku lupango, kahawa haingekuwa ile ile?

Aliyeelewa kwanza alikuwa Shimo.

— Tunaacha nafasi ya benchi, alisema. Mu katikati.

— Na tunaifunga na shiye, alisema Pasta.

— Minye mwenyewe nilikuwa naelekea kusema ile, alisema Ministre.

Mangaribi Tina alimpa mama yake jibu: fundi hapana. Siku ya posho walikuja wote watatu, na Mado akaja na chepeo ya mumewe. Shimo alibeba maji na mawe, akalijaza shimo lake mwenyewe mpaka magotini, akilitazama kwa huzuni kama mtu anayezika ndugu. Mado alitoboa mashimo mengine, yote sawa. Pasta aliimba. Ministre aliangalia kama nguzo zimenyooka, na mbili zinaelekea sokoni kidogo mpaka leo. Mama Angèle alipika kisamvu na samaki, akawashukuru mmoja mmoja kwa jina alilopewa na wazazi wake, si kwa lile la kijiweni, na wote wakaona haya.

Lundi, midi ilipopita, Tina alitoka katika uniforme ambayo mama yake alikuwa ameishona upya kiunoni. Kahawa alikuwa ameiacha imejaa, na kopo la sukari mikononi mwa Pasta. Katikati ya lupango nyeupe, benchi lilikuwa limeziba nafasi yote, na wale watatu wamekaa bega kwa bega wakibishana kama helikopta inaweza kushuka penye kamba ya nguo. Walibanana ili avuke juu ya benchi, bila kuacha kubishana.

Alipofika kwenye kona aligeuka. Nkambo Nicolas alikuwa amekuja mbio ndogo kutoka nyumbani, kofia kichwani, akafika kwenye benchi, akasimama. Tina hakusikia alichouliza. Aliona tu Papa Bertin akijisogeza, na kiganja chake kikipiga ubao, na babu yake akiketi.

Akaenda masomoni.