Mwalimu Dhiraa, Aliyewafundisha Watoto Patakatifu pa Patakatifu

Yeye tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda, na mama yake alitia viraka magunia yaliyochanika kwa sindano ndefu ya chuma. Mdogo wake, naye msichana, alizaliwa mwaka 1956. Bibi yetu, huyu tunayemuaga, alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa karibu kuburuzika chini, na mama yao alipomwambia amshushe, alijibu, "Akishuka atachoka."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965. Hakuwa hodari wa kusoma kwa sauti, lakini hesabu za vipimo zilimkaa kichwani. Siku mwalimu wa dini aliposoma vipimo vya hekalu la Israeli ya kale, darasa zima lilisinzia isipokuwa yeye, aliyenyoosha mkono kuuliza dhiraa moja ni kiasi gani. Akaambiwa ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. "Kiwiko cha nani, mwalimu?" Darasa liliangua kicheko, naye akaadhibiwa kwa utovu wa adabu. Mpaka uzeeni alidai kwamba swali lake halijajibiwa.

Baada ya miaka miwili ya chuo cha ushonaji na mingine michache katika duka la fundi wa suti, aliajiriwa hospitalini tarehe 3 Julai 1972. Chumba cha ushonaji kilipakana na chumba cha dobi, walikofulia na kupiga pasi, kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa wa moto mwaka mzima. Ndani mlikuwa na cherehani sita na meza ndefu ya kukatia. Humo alishona mashuka, kanzu za chumba cha upasuaji, na mapazia ya kuzungushia vitanda vya wagonjwa. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa, na alipostaafu mwaka 2011 hapakuwa na wodi ambayo pazia lake halikupita mikononi mwake.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1975, na fundi wa majokofu, babu yetu, aliyetutangulia mwaka 2009. Babu alipenda kusimulia kwamba posa yake ilikubaliwa siku aliyokwenda kutengeneza jokofu la maabara akavua koti lililochanika kwapa. Bibi alimwambia, "Lete hilo koti. Sitaki watu waseme hospitali yetu inaita mafundi walioraruka." Walijaliwa wana wawili, mwaka 1979 na mwaka 1983.

Mwaka 1977 alianza kufundisha shule ya Jumapili, na huko ndiko alikopewa jina la Mwalimu Dhiraa. Walimu wenzake walifundisha kwa picha. Yeye aliwatoa watoto nje na chaki na utepe wake wa kupimia, wakachora uani chumba cha ndani kabisa cha hekalu, Patakatifu pa Patakatifu, kwa ukubwa wake halisi: dhiraa ishirini kwa ishirini.

"Na kwenda juu ishirini pia," aliwaambia.

"Mwalimu, huko juu tutapimaje?"

"Huko juu tutaamini."

Kisha watoto wanane walisimama wamenyoosha mikono, vidole vikigusana kutoka ukuta wa chaki hadi ukuta wa chaki, wanne wanne kwa kila kerubi, ili waone jinsi mabawa ya makerubi wawili yalivyokijaza chumba. Haikupita muda, sauti ililia, "Mwalimu, makerubi wamechoka!" Sanduku la Agano lilikuwa kreti la sabuni lililofunikwa karatasi za kung'aa ambazo Babu aliokota gereji kutoka kwenye pakiti za sigara. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwa upole kwa nini Sanduku la Agano linanuka tumbaku.

Pazia alilishona kwa mabaki ya kitambaa cha buluu cha hospitali, akalitarizi makerubi kwa uzi mwekundu na wa zambarau. Mtoto mmoja alivikwa joho la kuhani mkuu lenye kengele ndogo kwenye pindo. Aliingia nyuma ya pazia peke yake, na wenzake wakasikiliza kengele ili wajue bado yu hai. Mara moja kuhani mmoja mtundu alisimama kimya makusudi. Kilio kilichozuka kiliwatoa wazee wa kanisa kwenye kikao chao. Bibi aliwaeleza, tena kwa fahari, kwamba somo limeeleweka.

Yanayofuata aliagiza yeye mwenyewe yaandikwe.

Jumapili tarehe 24 Juni 1984 alifundisha somo hilo kama kila mwaka. Aliwaambia watoto kwamba nyuma ya pazia ndipo Mungu alipokaa na watu wake, kwamba asiyeruhusiwa akiingia anakufa, na kwamba mwenye uchafu wa dhambi akipaingia mahali pale, Mungu anahama. Mstari wa mbele alikaa mtoto wa mdogo wake, msichana wa miaka minane, ambaye sisi tunamwita Shangazi. Baba wa mtoto huyo alikuwa ameondoka zamani, na mama yake alikuwa wodini, mgonjwa wa mapafu, kwa hiyo alikuwa akikaa kwa Bibi.

Jumatano tarehe 11 Julai, saa kumi alasiri, mgonjwa aliomba aletewe mwanawe. Babu alimpeleka. Bibi alikuwa korido mbili tu kutoka pale, akimalizia kanzu za upasuaji zilizotakiwa jioni hiyo. Wauguzi walikuwa wamevuta pazia la buluu kuzunguka kitanda. Mtoto alipoliona alisimama, akashika chuma cha kitanda cha jirani kwa mikono miwili, akasema, "Siingii." Babu alimbembeleza, kisha akamvuta. Mtoto alipiga kelele mpaka muuguzi akasema, "Mwache, Baba, atawatisha wagonjwa. Kesho atakuwa ametulia." Mama yake aliyasikia hayo yote kutoka upande wa pili wa kitambaa. Alifariki siku iliyofuata, saa moja asubuhi.

Wiki tatu baadaye, Bibi akimsuka nywele mtoto huyo mlangoni, alimuuliza kwa nini hakutaka kumwona mama yake. Mtoto alijibu, "Si ulisema haturuhusiwi?" Bibi aliuacha msuko ukiwa nusu. Alichukulia kwamba mtoto aliogopa kufa. Hakuuliza zaidi siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Alikwenda mbele ya wazee wa kanisa akaeleza kila kitu. Walimfariji kwamba amefundisha yaliyoandikwa na hana kosa. Faraja hiyo haikumsaidia. Alimwambia Babu, "Wamenisamehe watu ambao sikuwakosea." Mwaka uliofuata aliliweka pazia juu ya meza pale uani, akachukua mkasi, akalikata kutoka juu hadi chini mbele ya watoto, akalitundika tena. Aliwafundisha kwamba kwa sisi Wakristo njia ya kuingia imefunguliwa, na kila mtoto apite. Walipita wakikimbia, wakarudi, wakapita tena, mpaka kreti la sabuni likapinduka. Shangazi peke yake alibaki nje. Alipoitwa alisema, "Mimi nitashika mlango." Hapakuwa na mlango. Bibi aliendelea kufundisha hivyo kila mwaka, na kila mwaka alimtazama mtoto mmoja tu. Shangazi alipofika miaka kumi na minne, aliacha kabisa kuhudhuria.

Isidhaniwe kwamba walichukiana. Bibi alimlea, akamsomesha, akamshonea sare za shule na gauni la harusi. Shangazi ndiye aliyempeleka kliniki tangu miguu yake ilipoanza kuvimba mwaka 2022 na madaktari wakasema moyo umechoka. Walizungumza kila siku kuhusu dawa, chumvi na bei ya viazi. Kuhusu alasiri ile hawakuzungumza. Januari mwaka huu Bibi aliniita, mimi mjukuu wake, akasema, "Wewe umesoma, utaniandikia wasifu. Usinipake rangi. Andika kwamba nilimtisha mtoto wa watu, akashindwa kumuaga mama yake. Nataka lisemwe mbele yake, mimi nikiwa siwezi kujitetea."

Nilimwambia amwambie mwenyewe, angali hai.

"Nimejaribu miaka arobaini, mwanangu. Nikifungua mdomo, nauliza kama amekula."

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio ikiwa imewashwa. Zilibaki siku kumi na moja atimize miaka sabini na minne.

Haitakuwa haki kuficha kwamba familia haikukubaliana kuhusu agizo lake. Baba yangu mdogo alipoona rasimu, aliiweka mezani kwa nguvu. "Watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza kesi."

"Mama mwenyewe ndiye aliyesema iandikwe," baba yangu alijibu.

"Mama alikuwa anaumwa!"

"Alikuwa anaumwa miguu, si akili. Binti, nenda kwa Shangazi yako. Akisema ondoa, unaondoa, na mimi sitakuwa na neno."

Shangazi ni dereva wa basi la shule. Nilimkuta juzi katika maegesho, akiwa ameshawashusha watoto, akifagia katikati ya viti. Nilikaa kwenye kiti cha mbele nikamsomea. Aliendelea kufagia na kuokota penseli na karatasi za biskuti, mpaka nilipofika mahali nilipokuwa nimeandika kwamba mtoto aliogopa kufa. Ufagio ukatulia.

"Nani aliogopa kufa?"

"Wewe, Shangazi. Ndivyo Bibi alivyoniambia."

Alikaa kiti cha upande wa pili, magoti yakigusa kiti kidogo kilichokuwa mbele yake. "Mimi sikuogopa kufa. Asubuhi ile nilikuwa nimelamba sukari kwenye kopo, nikaulizwa, nikakana. Nilipofika wodini nikaona pazia ni lile lile. Nikajua Mungu yumo mle ndani na mama, anamponya. Na mimi nina sukari na uongo. Mama Mkubwa alisema mchafu akiingia, Mungu anahama. Nikaona nikiingia atamwacha. Ndiyo maana nikashika kile chuma nisivutwe." "Nilikuwa namlinda mama yangu," alisema.

"Hukumwambia Bibi?"

"Aliniuliza mara moja. Mimi nilidhani anajua, si yeye ndiye aliyefundisha? Halafu mama akafa hata hivyo. Nikaona labda nilisimama karibu mno. Hilo ningemwambia nani?"

Hakusema kwamba amemsamehe Bibi, wala hakusema kwamba kuna cha kusamehe. Sikumuuliza. Nilimuuliza tu kama nisome.

"Soma. Ila hapo parekebishe. Na mwisho kule, mimi umeniandika wapi?"

Nilimwonyesha. Nilikuwa nimeandika wana wawili, kisha, chini yao, mtoto wa mdogo wake aliyemlea.

"Nilipofika nyumba ile, baba yako alikuwa na miaka mitano, hajui kufunga vifungo vya shati," alisema, akasimama kuchukua ufagio. "Nipange kwa umri."

Marehemu ameacha watoto watatu: binti mmoja, dereva wa basi la shule, na wana wawili, mmoja fundi umeme na mwingine karani wa ghala, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Ameacha pia watoto wa shule ya Jumapili aliowafundisha kwa miaka thelathini na minane, ambao wengi wao wamesimama hapa leo na watoto wao.

Tunamwomba Mungu ampumzishe, na amwambie lile ambalo sisi tumechelewa kumwambia.