Upande wa Kushoto

Basi lilikuwa limetoka Walsall kuelekea Birmingham, na wazee wawili walioketi mbele ya Glenys Pargeter walikuwa wakibishana juu ya albamu mpya ya Des Harkin.

"Sauti imemrudi," alisema mwenye kofia. "Miaka kumi anatutolea takataka, leo ameimba kama mtu."

"Ameimba kama mgonjwa," alijibu mwenzake. "Zile kelele za roki ziko wapi? Harkin bila bendi yake ni chai bila majani, bwana."

Glenys alitazama dirishani. Miaka ishirini na miwili alimpigia Des gitaa la besi, mpaka siku alipofukuzwa kwa barua ya mistari miwili. Albamu hii hakuwa ameisikiliza, wala hakukusudia.

"Basi sikiliza wimbo wa mwisho," alisema mwenye kofia. "Anaomba radhi."

"Radhi ya kuuzia albamu."

Glenys aliinama mbele. "Samahani, anamwomba nani?"

"Hataji jina, mama. Anasema tu, 'wewe uliyesimama kushoto kwangu, nilikukosea.'"

"Kushoto kwake wamesimama watu chungu nzima," alidakia yule mwingine.

"Jukwaani? Mtaje hata mmoja."

Basi lilisimama sokoni. Walishuka wakiendelea kubishana, mmoja akimtishia mwenzake kwa mwavuli. Kituo cha Glenys kilikuwa hicho hicho, lakini milango ilipofungwa alikuwa bado ameketi.