Kitani Cheusi cha Mama Cherehani

Benchi la kona lilikaa mbele ya duka la Mama Cherehani, mshonaji, na ni yeye aliyewaruhusu marafiki watatu waliweke pale. Sharti lake lilikuwa moja tu: mtu asichezee kibustani chake kilichokuwa nyuma ya benchi. Mashapo, fundi viatu, hakuwa na ugomvi na bustani ya mtu. Ila alikuwa na mazoea yake: akimaliza kahawa, mashapo ya chini ya kikombe huyarusha nyuma ya bega bila kugeuka, na jina alilipatia hapo. Asubuhi hiyo, Mungu ndiye anajua shingo ilimwasha nini, akageuka. Akakiona kitani cha bustani, ule mmea wa majani marefu kama mapanga, ambao Mama aliupanda majuzi. Majani yote yalikuwa meusi, rangi ya kahawa iliyokolea.

— Jamani, nimekiua.

— Umeua nini tena? akauliza Injinia, fundi redio, bila kuinua hata macho.

— Kitani cha Mama. Tazama! Kimekunywa kahawa yangu mpaka kimegeuka rangi.

Injinia akainuka, akagusa jani kwa kidole kimoja, kama anayepima joto la pasi.

— Hakijafa, ndugu yangu. Huu ni mfumo. Mzizi ni waya, jani ni spika. Ukiingiza kahawa huku, inatokea kule.

— Sasa nifanyeje? Mama akitoka humo ndani akakikuta hivi, benchi hili tumeliaga.

— Kimwagie maziwa.

— Maziwa juu ya kahawa? akacheka Brashi, mchora mabango. Si kitakuwa cha kahawia!

— Basi nyamaza uwaze hili, akasema Injinia. Kama jani limekuwa hivi kwa siku chache, maini yetu yakoje? Sisi tunainywa miaka yote hii.

Wote watatu wakaweka vikombe chini. Baada ya muda Injinia akakichukua chake tena, akanywa.

— Ya maini tuwaachie madaktari, akasema Brashi, akivuta kopo la rangi kwenye mkoba wake. Rangi ndiyo kazi yangu. Jani moja kwanza, tuone.

Akapitisha brashi mara mbili tu. Jani likawa kijani, likang'aa kama mlango wa zahanati.

— Umeona? Kimefufuka!

Mashapo akashusha pumzi. Mwaka huu alikuwa ameanza masomo ya watu wazima, na chenye herufi hakikumpita. Akaliinua kopo, akasoma kwa sauti:

— Ti-ki-sa ka-bla ya ku-tu-mi-a.

— Hongera, mwanafunzi!

— Ha-i-to-ki kwa ma-ji wa-la sa-bu-ni.

Safari hii hakuna aliyempongeza.

— Hebu rudia hapo, akasema Brashi.

— Haitoki, akasema Mashapo, na silabi hazikukatika hata moja.

Mlango ukafunguliwa. Mama Cherehani akatoka na mteja wake, binti aliyekuja kupimwa gauni la harusi.

— Njoo, mwanangu, nikuonyeshe ua langu. Muuza miche nilimwambia, usiniletee la kijani, kijani kimejaa kila uani. Nataka jeusi, likae hapo mlangoni kama pindo la gauni. Kahangaika, maskini, mpaka kalipata.

Mashapo akakitazama kitani, akalitazama kopo. Kumbe kilikuja kikiwa cheusi hivyo hivyo.

— Shikamooni, wazee, akasema binti, akainama kutazama. Jamani, zuri! Sasa hili jani moja, mbona la kijani?

Injinia akatazama juu, kama anatafuta mawimbi ya stesheni. Brashi akaificha brashi nyuma ya mgongo, tone likamdondokea kisiginoni.

Mama Cherehani akalibonyeza jani kwa kidole gumba. Kisha akakitazama kidole chake: kilikuwa cha kijani.

Mashapo akainama, akakamata ncha ya benchi.

— Brashi, shika upande huo.